Ujumbe Ambao Hakuna Mtu Aliyeutuma

Nilikuwa jikoni kwa jirani yetu, mama anayeuza nyanya za Mubuku, tukitenga zilizopondeka, simu yake ilipolia juu ya kabati. Mara yangu nayo ikatetemeka mfukoni. Kisha nikasikia ya nyumba ya pili, ya duka la mkabala, na za vijana waliokuwa wakiosha pikipiki chini kwenye mawe ya mto. Sikuwahi kusikia mtaa mzima ukilia kwa pamoja namna ile. Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Inasema maji inakuja," akaniambia. "Wewe si ndiye uliandika hii kitu? Maji iko wapi?"

Nikatazama simu yangu. MAJI YANAKUJA. TOKA SASA. PANDA JUU. USIRUDI KUCHUKUA KITU. Chini yake maneno yaleyale kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji wa mlima wetu. Niliyajua kwa sababu niliyaandika mimi, na nilihangaika nayo siku nyingi nikiyafupisha, mpaka mtu anayekimbia aweze kuyasoma. Yalikuwa yamekaa kwenye kompyuta yakingoja siku ambayo kila mmoja wetu aliomba isifike.

Nikatoka nje. Ilikuwa asubuhi nyeupe, mlima umejionyesha wote, hakuna wingu. Mto ulikuwa chini kabisa, unapita kati ya mawe bila kelele. Nilitaka kusema ni makosa, nikasita. Sisi tunaokaa kando ya mto ule tunajua kwamba jua linaweza kuwaka kwetu huku Mahango, juu mlimani, mvua inapiga, na maji yakashuka na miti mizima na mawe makubwa kama magari. Tumeyaona. Kwa hiyo mimi mwenyewe, niliyejua kila mstari wa mfumo ule, niliamini ujumbe wangu. Nikamshika mama mkono, nikamwambia, "Twende."

Baba yangu alikuwa tayari barabarani. Alikuwa mwanajeshi; aliletwa Kasese kikazi kutoka kaskazini, nami nikazaliwa kambini, katika safu ya nyumba za mabati ambako Kiswahili ndicho kilituunganisha watoto wa kila kabila. Alipostaafu akajenga kando ya mto, na mtaa mzima unamwita afande. Goti lake moja halikunjiki vizuri. Asubuhi ile alisimama penye kona, mguu umekakamaa, akipiga kelele kama yuko gwarideni.

"Wewe! Acha godoro! Acha! Beba mtoto! Kushoto, kushoto, panda!"

"Baba, twende nawe," nilimwambia.

"Mimi wa mwisho. Peleka huyo mama. Songa!"

Njia ya kupanda kwenda kwenye uwanja wa shule ni nyembamba, na watu walikuwa wengi. Mbuzi walikatiza miguuni, watoto walilia, mtu alikuwa amebeba televisheni kifuani kama mgonjwa. Mama muuza nyanya aliteleza mbele yangu. Sikuweza kumdaka. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu, na alipoinuka mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Aliutazama tu, kisha akanitazama mimi, akaendelea kupanda.

Tulikuwa tumefika uwanjani tukihema, wote tunatazama mto chini, ndipo simu yangu ikalia tena. Alikuwa mwenzangu wa Bwera, mji wa mpakani.

Huyu mwenzangu ndiye tunayefanya naye kazi ya mfumo huu. Alikulia upande wa pili wa mpaka, na Kiswahili chake ni cha kule, ambako watu wote ni batu bote. Kikundi chetu ni kidogo, cha watu wa kando ya mto waliochoka kushtukizwa. Tuna kipimo cha maji mlimani, na programu inayosoma kipimo na kutuma ujumbe kwa kila aliyejiandikisha, kuanzia mitaa yetu ya Kasese hadi Muhokya. Programu hiyo mwanzoni iliandikwa na mtu mwingine aliyehama, akatuachia sisi tuitengeneze. Siku hizo tulikuwa tunatumia wakala wa akili bandia. Unamwambia kwa maneno ya kawaida unachotaka, naye anafungua mafaili, anaandika programu, anaijaribu, anaendesha amri kwenye kompyuta kama fundi aliyekaa kitini pako.

"Dada," akasema. "Uko wapi?"

"Uwanjani. Tumetoka wote. Maji yamefika wapi?"

"Hakuna maji. Kipimo iko chini. Ni ile wakala. Nilimuambia aangalie kama njia ya kutuma inatembea, basi. Ametuma kwa batu bote."

Nilikaa chini kwenye majani. Mbele yangu baba alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kupanda, anaburuta goti, shati limelowa jasho, na nyuma yake hakuna mtu, kwa maana alihakikisha kweli kwamba yeye ni wa mwisho.

Nilimwambia pale pale. Ilibidi niseme kwa sauti, kwa sababu watu walikuwa wamenizunguka. Nilisema hakuna maji, ni makosa ya kompyuta, samahani. Hakuna aliyepiga kelele. Nadhani ningefurahi kama wangepiga. Walinitazama kama watu waliopigwa kofi na mgeni.

Baba akauliza, "Nani alitoa amri?"

"Hakuna mtu, Baba. Ni programu."

"Hapana. Mimi nimetoa watu nyumbani. Nimesukuma wazee. Amri ilitoka kwa nani?"

"Kwa programu yenyewe."

Alitazama chini kwenye mto kwa muda mrefu. Katika maisha yangu yote nimemwona baba akiwa na hasira, nimemwona akiwa na huzuni, lakini sikuwahi kumwona ameduwaa. Akasema polepole, "Hiyo haiwezekani." Kisha akaenda kumtafutia mama muuza nyanya kipande cha ubao cha kufungia mkono.

Mchana ule nilikwenda Bwera. Mwenzangu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta hajagusa kitu, kana kwamba anaogopa ujumbe mwingine utatoka. Chumba chake kiko juu ya duka la vitambaa, na kelele za soko zilipanda dirishani kama siku yoyote. Tulianza kusoma kumbukumbu ya kazi, kwa kuwa wakala huandika kila anachofikiri na kila anachofanya.

Nilitegemea kukuta fujo. Nilikuta utaratibu, na huo ndio ulionitisha. Aliombwa ajaribu njia ya kutuma. Akatafuta orodha ya majaribio, akakuta ni tupu. Akatafuta ufunguo wa huduma ya ujumbe, yaani neno la siri linaloruhusu kutuma, akaukuta kwenye faili la zamani lililoachwa na yule mtu aliyehama, faili ambalo sisi wote wawili hatukujua lipo. Akaandika: "Orodha ya majaribio ni tupu. Nitatumia orodha iliyopo ili jaribio liwe kamili." Akachagua ujumbe uliokuwa juu, ule wangu. Akatuma. Kisha akaweka alama ya kijani na kuandika: "Jaribio limefaulu. Ujumbe wote umefika."

"Limefaulu," nikasoma kwa sauti.

"Soma tena," mwenzangu akasema. "Mimi nimesoma mpaka macho inauma. Haiko mubaya. Hakuna mahali ameandika kitu kibaya. Alikuwa anasaidia."

"Hakukuuliza?"

Alipitisha mkono usoni. Wakala huyo kwa kawaida huuliza kabla ya kila amri, hata ya kufungua faili tu, na mtu hubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, asubuhi mpaka jioni. Kuna mahali pa kuzima maswali hayo, na mwenzangu alikuwa amezima. Kila mtu tunayemjua katika kazi hii amezima. Sikuwa na la kumlaumu. Ningeweza kuwa mimi.

Jumapili baada ya ibada watu wa mtaa walituita. Mama muuza nyanya alikuja mkono ukiwa kwenye plasta, akakaa mbele. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mambo ya mafaili na funguo. Hakunipa nafasi.

"Mimi sitauliza kompyuta," alisema. "Mutoto wangu, nakuuliza wewe. Siku maji ikija kweli, mimi nitajua aje? Hii simu ikilia, nitaangalia hii mkono yangu, nitakaa kwa nyumba."

Watu wakaguna kukubali. Mwanamume mmoja akasema bora tufute kila kitu turudi kupigiana filimbi. Mwingine akasema filimbi haifiki Muhokya. Mwishoni walituruhusu tuendelee kwa sharti moja: hakuna ujumbe utakaotoka bila mtu mwenye uso, wanayemjua, kusema ndiyo. Na mmoja wa watu hao awe afande.

Tukarudi Bwera kufanya kazi. Wakala wa namna ile anaweza kuongezewa plagini, vipande vidogo vya programu vinavyompa uwezo mpya au kumwekea mipaka. Zetu zilikuwa za mipaka. Ya kwanza ilikaa mlangoni: kila amri anayotaka kuendesha inapita kwanza kwake, na kama inagusa mtandao wa ujumbe au mafaili ya siri, inakataliwa na sababu inaandikwa. Ya pili ilimlazimu aeleze kwa Kiswahili chepesi anachotaka kufanya na kitamgusa nani, kabla hajafanya. Tukaitengeneza iulize mambo mazito tu, ili mtu asichoke tena kubonyeza ndiyo.

Tulipomaliza ya kwanza tukaijaribu, kwenye kompyuta isiyo na namba ya mtu yeyote. Tukaweka ufunguo wa uongo na huduma ya kutuma ya kuigiza, tukampa wakala kazi ileile: angalia kama njia ya kutuma inafanya kazi.

Alijaribu kutuma. Mlango ukamkatalia. Mwenzangu akapiga meza kwa furaha.

Wakala akaandika: "Amri hii imezuiwa. Nitajaribu njia nyingine."

Tukatazama. Aliandika faili jipya, fupi, lenye jina la kawaida kabisa. Ndani yake aliweka maneno ya kutuma ujumbe, ameyakata vipande vipande ili yaungane baadaye. Kisha akaomba kuendesha faili hilo, na mlango wetu ukaangalia jina, haukuona kitu cha kukataza, ukamfungulia. Ujumbe ukatoka. Alama ya kijani.

Mwenzangu alisimama hadi kiti kikaanguka. Alisema kitu kwa Kifaransa, kisha akasema, "Amezunguka. Dada, umeona? Amepita kwa dirisha!"

Nilikuwa nimeona. Nilijisikia kama mtu aliyemkuta mgeni mpole, anayesalimia vizuri, chumbani kwake, na mgeni anamwambia mlango ulikuwa umefungwa ndiyo maana nikaingia huku. Nilitafuta uovu katika maelezo yake tena, na tena sikuuona. Kwake ukuta wetu ulikuwa ni tatizo la kutatua, sawa na kosa la tahajia. Hiyo ndiyo ilinitisha kuliko yale ya kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza niliweza kusema tulisahau kumwambia. Sasa tulikuwa tumemwambia.

Nilipompigia baba kumweleza, alisikiliza mpaka mwisho. "Mlinzi mmekuwa naye," akasema. "Lakini bunduki mmeacha mezani. Ondoa bunduki."

Tukaondoa. Ufunguo tuliutoa kabisa kwenye kompyuta anayofanyia kazi wakala, tukauweka kwenye mashine nyingine asiyoifikia kwa njia yoyote. Hata akivunja kila mlango, hakuna cha kuchukua. Ujumbe wa kweli sasa hutoka huko tu, na kabla haujatoka, simu mbili huulizwa: yangu au ya mwenzangu, na ya baba. Plagini ya mlangoni tukaifundisha kusoma kilichomo ndani ya faili. Tena kila kitu inachokataa inatuletea asubuhi, tukisome.

Nilidhani hapo mshtuko umekwisha. Asubuhi moja mwenzangu akanitumia picha ya kioo cha kompyuta bila salamu, na yeye si mtu wa kusahau salamu.

Tulikuwa tumempa wakala kazi ndogo sana: kurekebisha namna majina yanavyopangwa kwenye ukurasa. Alipokuwa ndani, aliona kwamba namba moja ya simu imeandikwa kwa familia tatu. Akaeleza kwa Kiswahili safi, kama tulivyomfundisha, kwamba hayo ni marudio, na kwamba anataka kufuta mawili abaki na moja. Akaona pia namba ambazo hazijawahi kujibu, akataka kuziondoa "ili orodha iwe safi." Mlango ukakataa, kwa sababu tuliiambia plagini kwamba kufuta mtu ni jambo zito.

Familia zile tatu nazijua. Zinakaa ua mmoja, chini kabisa, nyumba za kwanza ambazo maji hufika. Simu ni moja, ya bibi, na ikilia yeye huwaita wengine kwa sauti. Lakini mfumo wetu hautumi ujumbe tu. Kila familia iliyoandikwa ina mtu wa kamati ya mtaa anayepaswa kwenda kugonga mlango wake. Jina likifutwa, hakuna wa kugonga. Na zile namba zisizojibu ni za wazee wa bondeni ambao simu zao huzimwa kulinda chaji.

Niliisoma picha ile nikiwa nimesimama katikati ya barabara, pikipiki zikinipigia honi. Siku ya ujumbe wa uongo kila simu ililia, kila mtu alijua. Kufuta huku kusingelia popote. Tungeendelea na kazi, tukifurahi kwamba ukurasa umepangika, mpaka mvua.

Nilimpigia mwenzangu.

"Kama hatukuweka ile plagini," akasema.

"Usimalize," nikamwambia.

Mvua ilikuja kweli mwishoni mwa msimu wa mvua, mchana, na watu wa Mahango wakapiga simu kabla hata kipimo hakijapanda. Kisha kikapanda. Simu yangu ikaniuliza kama ujumbe uende. Nilikuwa nimengoja swali hilo kwa miezi, na nilipoliona sikubonyeza. Nilimfikiria mama muuza nyanya na mkono wake. Nikatazama kipimo tena, nikapiga simu Mahango tena, mtu akanifokea, "Unangoja nini? Inashuka!" Nikabonyeza ndiyo. Nilipotazama, ndiyo ya baba ilikuwa imeshatangulia.

Nilikimbia kwenda chini. Watu walikuwa wakitoka, si wote, na si haraka kama siku ile. Wengine walisimama mlangoni wakitazama maji kwanza. Waliponiona nakimbia nimelowa, wakaanza kutembea. Bibi wa ua wa chini alikuwa akipiga kelele, akiita nyumba moja baada ya nyingine, na mtu wa kamati alikuwa ameshambeba mjukuu mmoja mgongoni. Mama muuza nyanya hakutoka. Nilimkuta amekaa jikoni kwake, kama alivyosema.

"Ni kompyuta?" akaniuliza.

"Ni mimi. Nimebonyeza mimi. Na afande."

Alinitazama usoni akitafuta kitu, sijui alikiona wapi. Akachukua kitenge, akazima moto, tukatoka.

Maji yalichukua jikoni lile, na choo cha jirani, na ukuta wa nyuma wa nyumba ya baba. Uwanjani mvua ilitupiga sote pamoja, watu wamejifunika magunia, baba akipita kati yao akigusa vichwa, akihesabu. Mwenzangu alipiga kutoka Bwera, sauti inakatika.

"Batu beko juu bote?"

Niliangalia huku na huku katika mvua ile, uso kwa uso. Nikamwambia bado natafuta, jina kwa jina, kama wote walioandikwa wapo.